Saa ya Dolo na Alfajiri Tisa

Jumapili, 15 Desemba

Kesho misa za alfajiri zinaanza, tisa mpaka mkesha wa Krismasi. Nimefua nguo zangu nyeusi zote mbili. Mwaka wa msiba wa mume wangu Dolo hautimii mpaka Februari, kwa hiyo dirishani sitatundika nyota ya Krismasi. Jirani yangu Manang Vina, anayepika bibingka, mikate ya mchele, mbele ya kanisa, amepita akasema nyumba yangu ina giza kama tumbo la nyangumi. Nikamwambia asijali, Yona amekwisha kuzoea. Akacheka mpaka akashika mlango. Mimi pia nilicheka kidogo — nikashtuka kujisikia.

Jioni mwanangu Toto ameingia mbio, viatu miguuni, sakafu nimetoka kupiga deki. Nilikaribia kumwita Jerwin, jina lake la ubatizo, kama ninavyomwita nikikasirika. Lakini uso wake! Wakala wa Manila amempigia simu. Kuna meli ya shehena, inataka kijana wa chumba cha injini. Jumatano aende mjini Iloilo kupimwa afya. Akifaulu, Januari anapanda.

Chumba cha injini.

Nilikuwa nakata vitunguu. Niliendelea kukata. Dolo alianguka ndani ya chumba cha injini, mbali na nchi kavu yoyote. Moyo, walisema. Alikuwa fundi wa pili, miaka yote ile, na simu ya mwisho aliyonipigia tulizungumzia bati la jikoni linalovuja.

Ukutani tuna saa mbili. Moja ya nyumba. Ya pili aliitundika Dolo mwaka tuliooana, na hiyo ilifuata saa za meli. Akipiga simu kutoka bandari mpya, neno la kwanza, "Umekula?" La pili, "Sogeza mshale." Basi mimi napanda kitini, nasogeza. Nikiitazama nilijua kama amelala au yuko zamu. Betri ilikufa mwezi wa Mei. Sikuweka nyingine.

Toto leo amesimama chini yake, mikono mfukoni, kama baba yake. "Nay, mama yangu, nikipata meli, utaitia betri?"

Nikasema vitunguu vinaniwasha macho.


Jumatatu, 16 Desemba

Misa ya kwanza. Toto ndiye aliyeniamsha, saa tisa, na maji ya moto ameshachemsha. Kanisa limejaa hadi nje kwenye nyasi. Watoto wamelala mabegani. Padre amerudia yale yale ya kila mwaka — kwamba kuhudhuria alfajiri zote tisa si kununua ombi, kanisa si duka. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kisha kila mtu akapiga magoti, akaanza kununua.

Mimi pia. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe.

Mwaka jana niliomba Dolo amalize mkataba salama, arudi. Tisa zote nilihudhuria, mbili zikiwa za mvua, moja nikiwa na homa. Niliomba vizuri. Niliomba kwa adabu. Februari nikapigiwa simu.

Mwaka huu sina maneno mengi. Toto alikuwa kando yangu, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayecheza kujificha. Najua anaomba nini. Mimi nimeomba neno moja.

Mnyime.

Ndilo hilo tu. Bwana, meli hiyo mnyime.

Baada ya misa tumesimama kwa Manang Vina. Bibingka zake, makaa juu, makaa chini. Akamuuliza Toto, "Umeomba mke?"

"Nimeomba upunguze bei, Manang."

"Ombi hilo, mwanangu, hata uhudhurie tisini!"

Ombi halisemwi kwa mtu, la sivyo linaharibika. Afadhali. Ningemwambia vipi?


Jumanne, 17 Desemba

Leo ilisomwa ile orodha ndefu ya mababu wa Yesu. Fulani akamzaa fulani. Nusu ya kanisa ilisinzia. Mzee wa nyuma yetu alikoroma kabla hata ya kufika kwa Daudi.

Mnyime. Nimesema tena.

Nyumbani nilikoroga chokoleti ya moto. Nikamtazama Toto anapuliza kikombe. Dolo alikuwa akipuliza hata ikiwa imepoa kabisa. Nikimwambia imepoa, anasema, "Najua, nasalimiana nayo." Toto haijui habari hiyo. Mbona basi anapuliza vile vile?


Jumatano, 18 Desemba

Ameenda kupimwa. Shati jeupe nilimpigia pasi mimi. Nilipokuwa nikiikandamiza kola niliwaza — mikono hii inanyoosha shati, na kinywa hiki kinaomba asifaulu. Mama gani huyu?

Siku nzima sikushika kitu kikashikika. Nimechoma wali. Nimefagia uani mara mbili. Jipni, gari la abiria la mjini, ikisimama barabarani natoka mlangoni, kisha narudi ndani kana kwamba nilitoka kutazama hali ya hewa.

Amerudi jioni anaimba. Macho mazuri. Masikio mazuri. Presha ya mtoto wa shule, ati muuguzi kasema. Wamempiga picha ya kifua, majibu kesho. Nilimpa samaki mkubwa, mimi nikachukua mdogo. Akawabadilisha wakati nimeinuka kuchukua maji.

Mnyime, mnyime, mnyime. Anafaulu, Bwana! Unaona anafaulu!


Alhamisi, 19 Desemba

Asubuhi hii ilikuwa habari ya mzee Zakaria hekaluni, na malaika akimwambia asiogope, ombi lake limesikika. Nilihisi maneno hayo yamekuja moja kwa moja kwenye benchi letu. Limesikika! Nikatoka nikiwa mwepesi. Nilinunua bibingka mbili, moja ya yai la chumvi. Manang Vina akasema, "Ehe, Basyon, leo umeota nini?"

Ee, mwepesi kweli.

Saa nane mchana simu imelia. Nilikuwa karibu na Toto, tunatengeneza lile bati. Alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni. Akaitema mkononi ndipo akaitikia. Ndiyo. Ndiyo. Upande gani? Akashuka ngazi taratibu, kila kidato akikipima.

Kuna doa kwenye pafu lake la kulia, juu. Huenda ni kovu la zamani. Huenda kifua kikuu. "Au kitu kingine," walisema, hawakukitaja. Arudi kesho apigwe picha kwa ile mashine inayozunguka. Karatasi za meli zimesimamishwa mpaka ijulikane.

Aliniambia yote hayo akitabasamu. Kisha akaokota msumari mmoja uliodondoka, akaugeuza, akaugeuza. "Niliugua homa nikiwa mdogo, unakumbuka, Nay? Labda ni ile."

Nakumbuka. Dolo alikuwa likizoni. Alimbeba usiku kucha akitembea naye chumbani, akimhesabia bandari kama wengine wanavyowahesabia watoto kondoo.

Ombi limesikika. Mungu wangu. Nilisema mnyime meli. Sikusema hivi. Sikusema hivi!

Mwaka jana nilikuomba kwa upendo ukakataa. Mwaka huu nimekuomba kwa hofu, umekimbilia kunisikia?


Ijumaa, 20 Desemba

Nilienda misa. Sikuomba kitu, niliogopa kufungua mdomo. Kila neno lililonijia niliona lina pembe. Nikisema apone — itakuwaje ikiwa haumwi, nikawa nimeita ugonjwa? Nikisema apate meli — ndiyo, nilifika hapo. Nilifika mahali pa kutaka apate meli. Kisha nikakiona kile chumba cha injini.

Tumeenda mjini pamoja. Kliniki imejaa vijana wa meli, wamekaa safu safu na bahasha, wanataniana. Mmoja alimwuliza Toto mbona kaja na mama, ni kapteni? Toto akajibu, "Huyu ni mwenye kampuni." Wakacheka. Wakainuka kunipa kiti, kila mmoja na "Nay, kaa hapa." Watoto wazuri. Kila mmoja ana mtu nyumbani anayemwombea aende, au asiende.

Majibu yatasomwa na bingwa wa mapafu. Jumatatu, labda.

Kurudi, nilimkuta Manang Vina anaosha vyungu vyake. Hajui kitu. Alikuwa anamsema mpwa wake aliyelala akakosa misa ya leo. "Basi tena! Aliyekosa hata moja, ombi lake linarudi halijafunguliwa."

Nikasimama pale pale na kikapu changu.

Linarudi halijafunguliwa.


Jumamosi, 21 Desemba

Nimefanya jambo.

Kengele ya kwanza ilipolia sikuinuka. Toto akagonga. "Nay, tutachelewa." Nikasema kichwa kinaniuma, nenda wewe. Akaingia, akaweka kiganja juu ya paji la uso wangu. Nikatamani ningekuwa na homa kweli.

"Nenda," nikasema. "Zako usizikose."

Akasema sawa. Nikasikia mlango wa mbele. Nikajifunika mpaka kichwani, na upepo ukawa unaniletea nyimbo kutoka kanisani vipande vipande. Hapo nikamwambia Mungu, haya, nimevunja. Tisa zangu si tisa tena. Lile neno langu lirudishe, sitaki, lirudishe halijafunguliwa. Nikahisi kama mtu aliyewahi kuepua sufuria kabla haijaungua. Kwa mara ya kwanza tangu juzi nikavuta pumzi hadi chini.

Kisha nikasikia harufu ya tangawizi.

Nimetoka nimemkuta Toto jikoni, amepiga goti, anapuliza moto. Uji wa mchele na tangawizi, kuku wa jana kachambuliwa ndani. Ule mlango — alikuwa anafuata kuni!

"Kwa nini hukuenda?"

"Nikuache unaumwa?"

"Siumwi! Sina homa!"

"Najua. Nilikugusa."

"Basi kwa nini umebaki?"

Akakoroga. "Mtu asiye na homa akisema anaumwa, Nay, huyo ndiye wa kukaa naye."

Nikakaa kwenye kile kibao cha kukunia nazi. Kule kanisani wakawa wanapiga zile kengele ndogo, za Sadaka, na yeye yuko hapa na masizi puani. Nimevunja tisa zangu na nimevunja zake. Nilitaka kufungua fundo nimekaza mawili. Nikaanza kulia. Nikasema, tisa zako, Toto, ombi lako la meli —

"Meli?" Akanitazama kweli kweli kana kwamba nimesema kichekesho. "Meli niliomba kwa wakala. Kwa Mungu niliomba kingine."

"Nini?"

"Hakisemwi. Na uji hauwezi kukiharibu. Kula."

Akakohoa mara moja. Moshi, akasema. Ulikuwa moshi, niliuona. Hata hivyo nilikaa nikisubiri kikohozi kingine, kijiko hewani. Hakikuja.


Jumapili, 22 Desemba

Tumeenda wote. Hatuna cha kukamilisha, tumeenda tu. Ajabu, nilikuwa nimesahau jinsi kwaya inavyoimba. Siku zote hizo nilikuwa nahesabu, sikusikia.

Mchana kulikuwa na maungamo. Foleni mpaka kwenye kisima. Padre wetu ni kijana, ana umri wa kaka mkubwa wa Toto kama Toto angekuwa na kaka. Nimemwambia yote. Niliomba mwanangu anyimwe, Padre. Na amenyimwa kwa doa la pafu. Kisha nikajilaza kwa makusudi ili nitangue.

Nikasikia anajizuia kucheka, kisha hajizuii. "Nanay, samahani. Umemkimbia Mungu kwa kulala?"

Nikasema sikumkimbia, nilikuwa narudisha.

Akasema Mungu si karani wa dirishani, kwamba ukikosea neno moja anakupa mzigo wa mtu mwingine. Akasema ni baba yupi mtoto wake akiomba mkate ampe jiwe.

"Niliomba mkate, Padre," nikasema. "Mwaka jana. Niliomba mkate."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Watu husema mtoto akililia wembe, mpe. Wengine husema mnyime, atajikata, ndiyo hekima ya Mungu. Lakini Dolo hakuwa wembe. Dolo alikuwa mkate wetu. Alikuwa mtu anayesalimiana na chokoleti.

Nilisikia kiti cha padre kikilia upande wa pili wa wavu. Nilidhani ametoka. Kisha akasema hajui. Akasema akiniambia anajua atakuwa amenidanganya ndani ya nyumba ya Mwenyewe. Yeye aliomba kwa ajili ya mama yake, akiwa seminari, na hakupewa, na bado hajui. "Lakini moja nalikataa kabisa, Nanay. Kwamba aliyekunyima ombi la upendo, leo aharakishe kukupa la hofu, tena kwa kumuumiza kijana. Huyo si Mungu. Huyo ni mchawi. Na hapa hatujamjengea mchawi."

Malipizi yangu ni Baba Yetu moja. Moja tu! Niliona amenidharau. Ila niisali polepole, akasema, na nikifika kwenye mapenzi yako yatimizwe nisipite mbio. Nisimame hapo mpaka niweze kuendelea.

Nilipiga magoti. Nikafika hapo. Nikasimama. Nikaona miguu ya watu inapita, viatu vya misa ya jioni vinaanza kuingia. Sikuweza kuendelea. Nimerudi nyumbani na sala nusu.


Jumatatu, 23 Desemba

Hakuna majibu. Bingwa kapata dharura, kesho asubuhi watapiga. Toto kaambiwa hivyo akasema asante sana, akarudi kumalizia bati. Anapiga misumari kwa nguvu kuliko inavyohitaji.

Nusu ya sala bado iko mdomoni kama mwiba wa samaki. Nikifua iko. Nikipembua mchele iko. Mapenzi yako — na hapo ndipo ninapoishia. Kwa sababu nayaogopa. Andika kweli, Basyon. Nayaogopa mapenzi yake. Niliyaonja Februari.

Lakini kuna hili pia, limenijia nikianika shuka. Walipomleta Dolo, wiki ile, kila asubuhi nilikuta mlangoni kuni zimekatwa. Sikujua nani. Sikuuliza, sikuwa na nguvu ya kuuliza, nilizichoma tu. Mwezi mzima nilipika kwa kuni ambazo sikuziomba. Sijui kwa nini nimelikumbuka leo. Halijibu kitu. Dolo bado hayupo. Ila zilikuwepo, kila siku, zimepangwa vizuri hata.

Nimepita dukani kununua chumvi, nimetoka na chumvi na betri moja.

Manang Vina aliiona mkononi. "Ya redio?"

"Ya saa."

Ameijua saa hiyo tangu siku ilipotundikwa, alishika ngazi yeye. Hakutania. Alifunga bibingka mbili kwenye jani akaniwekea kikapuni, akakataa pesa, na yule ni mtu ambaye hata askofu anamlipisha.


Jumanne, 24 Desemba

Misa ya mwisho. Leo Zakaria ndiye anaimba, yule mzee aliyekuwa bubu tangu Alhamisi. Miezi yote ya kungoja alikuwa hana sauti. Nilikuwa sijawahi kumwonea huruma.

Njiani kurudi bado kulikuwa na giza, watu mbele yetu na taa zao za simu. Nikamwambia. Nilitaka ajue kabla simu haijalia, lolote litakalokuwa. Nikasema, Toto, mimi niliomba unyimwe meli. Tangu siku ya kwanza.

"Najua."

"Unajua!"

"Nay, wewe unasali kwa midomo. Mnyime, mnyime. Hata yule mzee anayekoroma anajua."

Nikasimama barabarani. Watu wakatupita pande zote mbili. Nikawaza maji ya moto aliyokuwa akinichemshia, mlango aliougonga, koti aliloniwekea mabegani. "Na bado ulikuwa unaniamsha? Kila siku unaniamsha nikaombe dhidi yako?"

Akainua mabega. "Nikunyime misa? Ulikuwa huzungumzi na Mungu tangu Februari. Nikasema, haya, hata kama ni kwa kunisengenya."

Nilimpiga begani. Akajifanya ameumia, akajishika pafu la kulia, kisha akaona uso wangu akaacha. Tukatembea. Mkono wake ulikuwa wa baridi, akaniachia niushike, yeye ambaye tangu darasa la sita hataki kushikwa mkono njiani.

Basi labda ndicho alichoomba, mimi nizungumze na Mungu tena. Sikumwuliza. Hakisemwi.

Tumefika. Nimekoroga chokoleti. Nikapanda kitini nikaishusha saa ya Dolo. Vumbi lilikuwa limeacha duara ukutani. Nimeifuta kwa ncha ya nguo yangu nyeusi, nimeifungua nyuma, kile kichuma cha betri kimeota kutu, nimekikwaruza kwa kisu. Nimetia betri. Inatembea! Kidogo inasita, kisha inatembea. Imeanzia pale ilipofia Mei, haijui kitu.

Simu ya Toto imelia. Ametoka nayo uani.

Namwona kutoka hapa mezani. Mgongo kwangu. Amesimama chini ya bati jipya, mkono mmoja umeshika ngazi. "Ndiyo, daktari," nimesikia. Sasa anasikiliza. Anasikiliza sana. Naandika ili nisitoke kumfuata.

Saa iko mapajani. Vidole vyangu viko kwenye kile kigurudumu cha nyuma, na sijui niiweke saa za wapi. Za meli, popote itakapokuwa. Au za hapa, kama ile nyingine, saa mbili za nyumba moja, za dawa na za kungoja.

Sina neno, Bwana. Mnyime silisemi. Mpe silisemi pia, siliwezi, naogopa bado. Chokoleti yake inapoa. Nilijaribu ile sala nikiwa juu ya kiti, mikono ukutani. Mapenzi yako. Nikasimama hapo, kama nilivyoambiwa. Kisha likatoka na lile jingine, yatimizwe, dogo sana, karibu nisilisikie. Ni Wewe tu umelisikia. Ulisikie vizuri, tafadhali.

Ameacha ngazi. Ameinamisha kichwa, anasema kitu, simpati.

Anageuka.